Spika Yenye Mdomo Mmoja

Jumapili, 3 Machi

Mama mkwe amefika. Mume wangu na dada yake wamemshusha garini kama watu wanaoshusha kioo — huyu huku, huyu kule, taratibu, taratibu! Mwenyewe akawaka. "Nimepofuka, sijavunjika." Ndiyo maneno pekee aliyosema leo.

Mama huyu! Alikuwa mwamuzi wa netiboli. Filimbi mdomoni, raba nyeupe, anakata ukingo wa uwanja mbio na wasichana wanabaki kuhema. Siku nilipoletwa kutambulishwa alinitazama juu mpaka chini, akasema nina miguu ya mlinzi wa goli. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa sifa au tusi. Sasa presha ya macho imemzimia taa. Jicho la kwanza lilianza kitambo, la pili limemaliza mwaka huu.

Kachagua mwenyewe pa kukaa: godoro dogo chini, kwenye kona ya sebule, kati ya kabati na spika ya kushoto. Ukuta mgongoni. Hasogei. Chooni ni mpaka ashikwe mkono, na akishikwa anakunja uso kama anapewa dawa chungu.

Kabla ya kuondoka wifi alituita pembeni. Hapa ni kwa muda tu, alisema. Akirudi mwishoni mwa mwezi akamkuta Mama bado amekaa, anamchukua — kuna nyumba ya kulelea wazee jirani na hospitali anayofanya kazi. Wauguzi wapo, vitanda vyenye kingo za kushikia vipo. Wifi mwenyewe ni muuguzi, hana ubaya, anajua anachosema: miguu isiyotembezwa inasahau kazi yake.

Tulinong'ona. Lakini sebule yetu ni ndogo, na masikio hayana kope.

Jumanne, 5 Machi

Leo Mama kasema! Na alichosema kimemvuruga mume wangu mpaka sasa hivi.

Niyaeleze kwanza Marefu. Ni spika za mume wangu, masanduku mawili ya mbao yanayonifika kifuani, yamesimama sebuleni kama walinzi wa benki. Katikati ya chumba kuna kiti chake. Hicho kiti hakisogezwi! Mume wangu ni mpima ardhi, alikipima kwa futi kamba — umbali kutoka sanduku hili, umbali kutoka lile, urefu wa sikio la mtu aliyekaa. Wageni wote wamekigonga kwa goti. Ukikaa pale, kweli, mwimbaji anasimama mbele yako hewani, unakaribia kumpa mkono. Ukitoka pale, basi. Mimi na cherehani yangu kwenye chumba cha pembeni, nashona mapazia ya watu, nasikia makombo. Nimeyazoea makombo.

Sasa, jioni mume wangu aliweka wimbo. Mwanaume na gitaa moja. Mama akageuza uso huku na huku kule chini kwenye kona yake.

"Nani huyo anayeimba?"

Mume wangu akafurahi, akamtajia.

"Mbona amekatwa? Meno yake yako juu ya kichwa changu, kifua chake kiko sakafuni."

Nilicheka. Mume wangu hakucheka. Akaanza somo: ile ndogo ya juu, twita, kazi yake ni sauti nyembamba — zile s, zile sh, vidole kwenye waya. Ile kubwa ya chini, wufa, inabeba kifua. Kila moja ina mdomo wake, na sauti zao zinatakiwa zifike sikioni pamoja. Mama amekaa chini mno na karibu mno, ndiyo maana anasikia pengo. "Njoo ukae kwenye kiti, Mama, utamsikia mzima."

"Kiti kiko wapi?"

"Si hapo tu! Hatua chache."

Mama akavuta miguu yake ndani ya khanga.  Hatua chache! Ni rahisi kusema ukiwa unaona. Kwake ni kuambiwa vuka mto, kina utakijulia mlemle.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui niandikeje haya.

Mama alijaribu. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nakata kitambaa, redio inasoma taarifa ya habari kwenye Marefu, nikasikia kabati linalia — anajiinua! Nikaenda mlangoni. Mume wangu alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, mikono mbele. Mama akasema anamfuata msomaji habari. Kwamba mtu anayeongea ni kama taa, utamwendea.

Akatoka kwenye kona. Hatua, hatua. Nusu ya njia akasimama ghafla, mikono hewani.

"Amehama!"

Mume wangu akamwambia hajahama, Mama, songa tu. Akasonga kulia.

"Amehama tena! Alikuwa huku, sasa yuko huku! Nani anamhamisha?"

Hakuna aliyemhamisha. Ukiwa katikati, masanduku mawili yanamweka mtu pamoja hapo hewani. Ukisogea upande mmoja, anakurukia upande huohuo. Sisi tunaoona hatujali, macho yanatuambia ukuta uko wapi. Yeye akazunguka, akakosa kabati, akakosa ukuta, akaanguka kwenye mikono ya mwanawe.

Akarudishwa kwenye godoro. "Faulo," akasema. Ni utani wake wa siku zote. Ila leo haukuwa utani.

Ijumaa, 8 Machi

Amegeukia ukuta. Uji kauacha. Mume wangu hajawasha kitu leo nzima, nyumba iko kimya hata sindano ikianguka unaisikia. Wifi kapiga simu. Mume wangu akamwambia Mama hajambo.

Jumapili, 10 Machi

Jana mume wangu alikwenda kwa fundi wa redio, yule wanayemwita Bubu. Bubu anasikia na anaongea vizuri tu, basi hapendi. Duka limejaa spika mpaka darini, mwenyewe kimya kama kaburi. Mume wangu anasema alimweleza kisa chote: mama yangu haoni, anamsikia mwimbaji amekatwa, anamsikia msomaji habari anahama. Bubu akasikiliza. Akashusha spika mbili ndogo rafuni, akampa. "Nenda ukasikilize nazo. Usipozipenda, rudisha." Hotuba ndefu hiyo, kwa Bubu!

Ni ndogo, kama masanduku ya viatu. Nilidhani zina spika moja tu kila moja. Mume wangu akanionyesha: twita imo ndani ya wufa. Katikati kabisa, kama mboni ndani ya jicho. Bubu anaziita koaksio. Sauti nene na sauti nyembamba zinatoka tundu moja.

"Vidude," mume wangu akasema. Akaviweka juu ya stuli mbele ya Marefu, akakaa kwenye kiti chake, akanuna. Ngoma haina tumbo, anasema. Kifua cha kifaranga. Na ni kweli! Marefu yakipiga ngoma pini zangu zinacheza ndani ya kopo. Hivi vidude, pini zimelala. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, Marefu bado mfalme, hilo nami nilikubali.

Halafu nikainuka kwenda jikoni.

Nilifika mlangoni nikasimama. Kitu gani hiki? Mwanamke alikuwa anaimba, na hakubadilika. Siku zote nikiinuka, mwimbaji anaishiwa meno. Nikiinama, anakuwa kama anaimba ndani ya pipa. Nikarudi. Nikainama kama ninayeokota pini. Yuleyule! Nikapiga magoti pale karibu na godoro la Mama, sikio chini. Yuleyule, mzima, anavuta pumzi kabla ya neno. Miaka yote hii ndani ya nyumba yangu, leo ndiyo kwanza nimesikia wimbo bila kuomba kiti.

 Sitanii.

Nikamwambia mume wangu. Akasema sawa, lakini zikiwa mbili bado mtu wa katikati atahama Mama akisogea, hilo halina dawa, ndivyo zilivyo mbili. Nikamwuliza: kwani msomaji habari ni watu wangapi?

Akanitazama.

"Weka moja," nikasema.

Jumatano, 13 Machi

Leo. Niandike yakiwa bado ya moto.

Spika moja juu ya stuli, karibu na dirisha. Taarifa ya habari ya mchana. Mume wangu kaja kula. Mama bado amegeukia ukuta, siku ya ngapi sijui. Yule msomaji akaanza. Nikaona shingo ya Mama inageuka. Polepole. Kama mtu anayeitwa jina lake na mtu asiyemtegemea.

"Zima hiyo cherehani."

Ilikuwa imezimwa. Ilikuwa feni. Nikazima feni.

"Huyu ni mwingine?"

"Yuleyule wa siku zote, Mama."

"Yule alikuwa amekatwa. Huyu mzima."

Akashika kabati, akainuka. Mume wangu akataka kwenda kumshika, nikamfinya. Nilimfinya kweli, ana alama! Mama akateleza mguu mmoja mbele, kama mtu anayepita sakafu yenye sabuni. Wa pili. Meza ilikuwa mbele yake. Akaigusa kwa paja, akaizunguka. Na alipokuwa anaizunguka nilimwona anasikiliza, kichwa kimeinama kidogo, anangoja yule mtu ahame. Hakuhama. Akaenda kushoto — hakuhama. Akarudi kulia — yupo palepale.

Hapo uso wake ukafunguka. Sina neno lingine. Ulifunguka.

Akafika kwenye stuli. Akainama. Akanyoosha kidole kimoja, kikaenda hewani polepole, kikasimama mbele ya ile mboni katikati ya spika. Hakuigusa. Upana wa ukucha mmoja tu ulibaki. Sisi tuna macho mawili mawili, tusingeweza kulenga vile.

"Mdomo wake uko hapa," akasema.

Na yule mtu alikuwa anasoma hali ya hewa. Kesho mawingu kiasi. Mawingu kiasi! Nasi tumesimama mdomo wazi kama tunaoona mlima unainuka.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi mume wangu alikuwa anamsifia Mama: umejitahidi, Mama, hongera, Mama. Mama akamkata.

"We baba, unasifia usichokijua. Mkwe wangu, mfunge macho."

Nilikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha pazia, kile kisichopitisha mwanga. Nikamfunga. Nikamzungusha mpaka akayumba. Mama kakaa kwenye godoro, mgongo umenyooka — mwamuzi kazini!

Kwanza Marefu, sanduku moja, ili iwe haki. Mtu anasoma habari. Mume wangu akaenda kwa kujiamini, hii ni nyumba yake, ameipima. Akakaribia. Mkono ukaenda juu, ukashuka, ukapanda tena. Kama mgeni anayetafuta swichi ya taa. Sauti nyembamba inamvuta juu, nene inamvuta chini. Mwisho akashika mbao katikati, pasipo na kitu.

"Kaenda wapi huyu?"

"Faulo!" Mama akapiga makofi. "Kumshika mchezaji tumbo!"

Tulicheka hadi machozi. Mume wangu akajitetea — spika kama hii haikutengenezwa isikilizwe kwa pua, inataka nafasi, inataka kiti. Nami naona ana haki. Mama akasema haya, hoja imepokelewa, zamu ya pili.

Nikamzungusha tena. Ile ndogo nikaitoa kwenye stuli, nikaiweka rafu ya chini kabisa ya kabati, karibu na sakafu, asikokutegemea. Nikawasha.

Hakutembea. Alipiga magoti. Akatambaa, mtu mzima, mpima ardhi, na suruali yake ya kazini, moja kwa moja, bila kupapasa. Mkono ukanyooka ukafika. Akaweka kiganja mbele ya sauti kama anayeota moto.

Tukangoja avue kitambaa. Hakuvua. Alibaki vile, amepiga magoti. Halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Mama," akasema. "Ndiyo giza lenyewe hili?"

"Lenyewe. Na wewe umefungwa kitambaa tu."

Akalia. Sijawahi kumsikia analia, hata alipozikwa baba yake. Mama akainuka. Hakuulizia njia. Alimfuata mwanawe kwa kwikwi zake, akapita meza, akafika, akamwekea mkono kisogoni. Msomaji habari akaendelea kusoma, hakuna aliyemjali.

Nimerudi kwenye mapazia yangu, nimeshona upindo mzima kinyume. Nitafumua kesho.

Jumatano, 20 Machi

Marefu yamehamia chumba cha watoto — wenyewe wako mbali, masomoni, hawana neno. Na kiti kimesukumwa ukutani! Nilipokiona nikafikiri tumeibiwa. Mume wangu anasema atakwenda kuyasikiliza hukohuko, yeye na ngoma zake, mlango umefungwa. Jana alikwenda. Pini zikacheza. Moyo wangu ukafurahi, maana sikutaka ashindwe.

Sebuleni inabaki ile moja juu ya stuli, inaongea kutwa. Mama kajitengenezea ramani. Msomaji akiwa mbele, dirisha. Akiwa bega la kushoto, jikoni. Akiwa kisogoni, kwangu kwenye cherehani. Anasema mimi natembea kwa kutazama mbele, yeye anatembea kwa kukumbuka alichokiacha nyuma. Nimekaa na maneno hayo kutwa.

Juzi alianguka. Goti limevimba. Nikajua sasa basi, ukuta tena. Wapi! Alikaa sakafuni akauliza nani kaacha ndoo njiani. Mimi. Nikapewa onyo la kadi.

Leo alifika jikoni peke yake, akafunua sufuria, akanusa. "Chumvi," akasema. Alikuwa hajaonja! Nikaonja. Haikuwepo.

Wifi anakuja Jumamosi. Kwenye simu mume wangu alimwambia Mama anatembea. Akajibu: anatembea wapi, kaka, kwa kushikwa? Hapana, anafuata redio.  Nafikiri wifi anadhani tumepata kichaa wote watatu.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya cherehani, mlango wa sebuleni uko wazi mbele yangu. Naandika ili nisipige kelele.

Wifi kafika muda si mrefu. Kakuta Mama anatoka jikoni na kikombe chake mkononi, mwenyewe. Mkoba ukamponyoka, ukatua sakafuni.  Akamtazama Mama anapita meza, anakaa, anakunywa chai, anamwuliza habari za safari. Wifi akaenda kwenye stuli, akainamia ile spika, akatazama ndani kama daktari anayetazama koo la mtoto. Akamgeukia kaka yake. Macho yamelowa. Lakini yeye ni muuguzi, amewaona wengi, na swali lake lilikuwa la haki:

"Na umeme ukikatika?"

  Hatukuwahi kuliwaza, Mungu atusamehe.

Mama akaweka kikombe chini.

"Zima," akasema.

"Mama, siyo lazima—"

"Nimesema zima. Na feni. Halafu kila mtu akae alipo. Asinisemeshe mtu, asikohoe mtu. Nakwenda mlango wa nje."

Mlango wa nje! Hajawahi kuuendea. Uko upande ambao msomaji hajawahi kumwonyesha.

Mume wangu kazima. Kimya kilichoingia hapa ndani — sijawahi kukisikia kimya kama hiki. Mama amesimama. Amekaa vile muda mrefu, uso umeinuka. Sasa ametoka. Hatua. Hatua. Meza kaipita. Ule mkoba wa wifi uko njiani kabisa, mkanda wake umetanda sakafuni kama mtego. Mume wangu hauoni kutoka alipo. Mimi nauona. Wifi ameuona.

Wifi amevua viatu. Ananyata. Yeye aliyekuja kumchukua! Amechuchumaa, anauvuta mkoba kwa mkanda, taratibu, pumzi kaibana, machozi yanamdondoka kwenye mikono.

Mama amesimama. Kichwa kimeinama kidogo.

"Uache hapohapo," kasema, wala hakugeuka. "Nimeshausikia."

Wifi ameuachia. Mguu wa kulia wa Mama umenyanyuka —